Ngitili Si Pori

Ukifika mahali ambapo majani yanakufika kifuani, hapana njia, hapana mavi ya ng'ombe, hapana hata mtu wa kumsalimia, usiandike chochote. Zima hiyo tableti yako, ondoka, urudi kiangazi.

Somo langu lote ni hilo, wanangu mnaoanza kazi ya upimaji. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaendelee na shughuli zake. Waliobaki nitawaeleza nilivyolipata, maana sikulipata darasani. Darasani mimi niliishia la tano.

Naitwa Koku, na wengi wenu mnaniita Ma Koku. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilifanya kazi ya upimaji wa ardhi bila kuwa mpima. Mpima ni yule mwenye cheti na kofia nzuri. Mimi nilikuwa mwenye panga la kufyeka mstari, mwenye kubeba mawe ya mpaka begani, mwenye kushika ncha ya mnyororo, na miaka ya mwisho nyapara wa vibarua. Hivyo viwanja mnavyoviona vimening'inia kwenye mawe ya Ilemela, vingi vina jasho langu. Vingine vina makosa yangu, lakini wenyewe wameshajenga, tuwaache.

Kazi hii sikuichagua. Kwetu ni Kagera, upande wa Muleba, tulikuwa na kibanja cha migomba na kahawa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kati ya watoto watano. Baba mkubwa akatuambia, "Nendeni kwa shangazi yenu Mwanza, kibanja nitawatunzia mpaka mkue." Tumekua, tumeota mvi, na kibanja bado kinatunzwa. Watoto wake wanakitunza vizuri sana, wamejenga na nyumba juu yake. Nawaambia hili ili mjue kwamba niliyekosea katika habari hii si mtu asiyejua uchungu wa kunyang'anywa ardhi. Nilikuwa naujua, na bado nikakosea.

Shangazi alikuwa na chumba kimoja Mabatini. Tulilala sita kwenye chumba hicho, saba ukihesabu mbuzi wa jirani aliyekuwa akiingia mvua ikinyesha. Siku moja likapita gari la wapimaji wakitafuta mtu wa kubeba mawe. Vijana wa mtaani waliyanyanyua mawe wakayarudisha chini. Mimi nilikuwa nimezoea kubeba mikungu ya ndizi na wadogo zangu. Nikalinyanyua moja nikauliza, "Nalipeleka wapi?"

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salum, mtu wa mjini hapa hapa, kanzu siku ya Ijumaa, panga siku nyingine zote. Yeye alikuwa ameshika mnyororo tangu ujana wake. Mnyororo wenyewe ninyi hamkuuona: utepe wa chuma mrefu, unashikwa na watu wawili, huyu mbele na yule nyuma, na kila ukinyooshwa mara moja unachomekwa pini ardhini. Mzee Salum alisema mnyororo uliolegea ni mwongo kuliko mke mwenza. Kwenye mteremko, alinifundisha, usiulaze mnyororo ukafuata ardhi. Ushike usawa hewani, kisha teremsha timazi, kile kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye uzi, ikuonyeshe chini hasa ni wapi. Ardhi ya Mwanza ni mawe matupu, kila mahali ni kupanda na kushuka. Ukiulaza mnyororo kila mahali, mtu anauziwa mteremko badala ya kiwanja.

Alinifundisha pia kusimama. Mnacheka, lakini kusimama ni kazi. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa fimbo ya kulengea, ile yenye mistari myekundu na myeupe, nikaambiwa niisimamishe pale kwenye kona huku mpima akilenga kutoka mbali. Jua lilikuwa kali. Pembeni palikuwa na jiwe kubwa kama nyumba, lina kivuli kizuri. Nikasogea hatua tatu, mimi na fimbo yangu. Mpima akalenga, akaandika, tukaondoka. Wiki iliyofuata mpaka wa watu wawili ukawa na kigongo katikati kama ngamia.

Mzee Salum akaniita. "Koku, ulisimama wapi?"

"Pale pale, babu."

"Pale pale penye jua au pale pale penye kivuli?"

Nikainamisha kichwa.

"Kwa hiyo kivuli nacho kimepewa kiwanja," akasema. "Haya, beba fimbo. Tunaanza upya."

Hakunitukana. Alinirudisha tu, tukafyeka mstari ule tena tangu mwanzo, na yeye akiwa na umri ule akafyeka pamoja nami. Tangu siku hiyo sikuliacha jua nikafuata kivuli. Wadogo zangu walisoma kwa jua hilo. Deo amekuwa fundi umeme, Kemi ni muuguzi, wale wawili wa mwisho wana biashara zao. Mimi nikabaki na mnyororo, kisha mnyororo ukaondoka ikaja jipiesi, kidude cha kushika mkononi kinachoongea na angani. Mzee Salum alikishika mara moja tu. Akakitazama, akauliza, "Huko juu wanajua jina la mwenye shamba?" Akakirudisha. Wakati ule nilidhani ni utani wa mzee.

Sasa habari yenyewe.

Ng'ambo ya Busisi, ukishuka kuelekea ziwani, kuna kijiji ambacho nitakiita Mwalugoye ingawa hilo si jina lake. Tulivuka kwa pantoni siku hizo, daraja lilikuwa bado ni maneno. Tulikwenda kupima mipaka ya kijiji na kuchora ndani yake kila kitu kilichomo: makazi haya, mashamba yale, malisho huku, msitu kule. Mpima wetu alikuwa Bwana Mtaki, mtu makini na mchache wa maneno. Kampuni yetu haipo tena. Ilikuwa masika, na tulikuwa tumechelewa kazi.

Kamati ya ardhi ya kijiji ilitakiwa kutembea nasi. Lakini mnajua masika kwa Wasukuma. Kila mwenye mkono alikuwa kwenye majaruba ya mpunga, matope hadi magotini. Tukapewa mtendaji wa kijiji, naye alikuwa na miezi michache tu tangu ahamishiwe pale. Alitusindikiza na pikipiki mpaka njia ilipoisha, akasema yeye atatusubiri hapo.

Tukaingia kwa miguu. Mbele yetu palikuwa na eneo kubwa la majani marefu, migunga hapa na pale, linateremka taratibu hadi kwenye mafunjo ya ziwa. Hapana shimo la jembe, hapana kwato, hapana kuni zilizokatwa. Tulitembea karibu saa nzima ndani yake bila kukutana na mtu.

Bwana Mtaki akachukua fomu. "Ma Koku, wewe umezunguka mkoa huu kuliko mimi. Hapa pana nini?"

Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nyapara, na nyapara haulizwi akasema sijui. Nikaangalia yale majani kwa macho ya kwetu. Sisi Wahaya tuna kibanja, ambako ndiko kwenye migomba, makaburi na heshima ya mtu. Nje ya kibanja kuna rweya. Rweya ni uwanda wa majani. Unakata nyasi za kuezekea, mwanamke analima njugu kidogo, basi. Mtu wa kwetu akikwambia shamba lako ni rweya, amekutukana.

Nikamjibu, "Hapa? Rweya tu."

"Rweya ndiyo nini?"

"Majani matupu. Hapalimwi, hapakaliwi."

Fomu haikuwa na kisanduku cha rweya. Bwana Mtaki akatafuta kinachofanana, akaandika: pori, halitumiki. Mtendaji akagonga muhuri wa kijiji pale penye pikipiki, tukaenda kunywa chai.

Ilipita miaka kadhaa. Daraja likaanza kujengwa, nguzo zikatoka majini moja baada ya moja, na ardhi yote ya upande ule ikapata wachumba. Siku moja Bwana Mtaki akanipigia. Kuna mwekezaji anataka mahali pa kujenga hoteli ya ufukweni, ameangalia ramani, amepata eneo kubwa lisilotumika. Kijiji bado hakijakaa mkutano, ila anataka mawe yatangulie ili wageni wake waone mipaka. "Mawe manane, siku mbili," akasema, "tunarudi zetu."

Safari hii ilikuwa kiangazi, mwezi ambao upepo wa ziwani unapita na vumbi. Njia nzima mashamba yalikuwa meupe kama mifupa. Tukashusha mawe, mimi nikatangulia kutafuta kona ya kwanza. Nikafika pale penye majani yangu matupu, nikasimama.

Palikuwa na ng'ombe. Si kumi wala ishirini. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa humo, wametawanyika hadi kwenye mafunjo, vichwa chini, wanakula majani yaliyokauka kwa utulivu wa watu walioko harusini. Wachungaji walikaa chini ya migunga wakisuka kamba. Wanawake walikuwa wakitoka na mizigo ya matawi makavu. Ile sehemu niliyosema haina kitu ndiyo peke yake iliyokuwa na kitu.

Nilipogeuka, mama mmoja mtu mzima alikuwa amekalia jiwe langu la mpaka.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Samahani, nalihitaji hilo jiwe."

"Nimelikalia. Kama lina haraka litanyanyuka lenyewe."

Huyo ndiye Mayu Holo, yaani Mama Holo, mjane, mwenye ng'ombe tisa na ulimi mmoja unaotosha kijiji. Nikakaa chini mbele yake, maana hakuonyesha dalili ya kuondoka. Nikamuuliza hapa ni mahali gani.

"Hujui? Umekuja kupima usichokijua?" Akanionea huruma. "Hii ni ngitili. Mvua ya kwanza ikinyesha tunaifunga. Hakuna mnyama anayeingia, hakuna panga, hakuna mtoto wa kukata fimbo. Majani yanakua, yanakomaa. Kiangazi kikikaza, kama hivi, wazee wanaifungua. Bila hii, mwezi huu ungekuta mizoga. Hata hao samaki wenu mnaokula mjini, sato na kambale, wanazalia kwenye hayo mafunjo kwa kuwa hatulimi mpaka majini tukawamwagia tope."

"Kwa hiyo masika haonekani mtu humu."

"Masika ukimwona mtu humu, huyo ni mwizi," akasema. Kisha akaniinamia. "Wanasema kwenye karatasi pameandikwa hapatumiki. Mayu, wewe ni mtu wa kazi hizi. Hebu niambie. Ni mjinga gani alisema hivyo?"

Nilimwangalia, nikamwambia nitaulizia.

Ndiyo, nilimdanganya. Nilikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, nimelea watoto wanne ambao si wangu wa kuzaa, sikuwahi kuiba hata chumvi, na pale nikashindwa kusema neno moja. Nikarudi kwenye gari nikamwambia Bwana Mtaki.

"Siku ile nilisema vibaya."

"Wewe hukuandika," akasema. "Niliandika mimi."

"Uliandika nilichosema."

"Na ukiyasema hayo mbele za watu, kesho wewe na mimi tunakula wapi? Mwekezaji ndiye mwenye kazi, Ma Koku."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto shuleni, na hesabu yake nilikuwa naijua, nimeipiga maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nayajua pia maneno ya baba mkubwa, "nitawatunzia." Aliyetunyang'anya kibanja hakuja na bunduki. Alikuja na neno jema, na watu wazima waliokuwepo wakanyamaza. Nikaona kwamba sasa mtu mzima aliyekuwepo ni mimi.

Mkutano wa kijiji ulikaa siku mbili baadaye, uwanja wa shule. Bila mkutano huo kukubali, ardhi ya kijiji haiendi popote. Hiyo ni sheria, na mjifunze kuitaja kwa sauti. Afisa ardhi aliyekuja alikuwa dada mmoja kijana, mpole. Akasoma kwamba kwa mujibu wa taarifa ya kijiji chenyewe, eneo lile ni pori lisilotumika.

"Taarifa yetu?" watu wakapiga kelele. "Nani aliitoa?"

Mtendaji akaangalia viatu vyake. Nikasimama.

"Niliitoa mimi."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mayu Holo alikuwa amekaa mstari wa mbele na khanga begani. Sikuthubutu kumtazama.

"Wewe ni mkazi wa wapi?" mwenyekiti wa kijiji akauliza.

"Mabatini."

"Mabatini ya Mwanza? Ulitoka Mabatini kuja kutusemea ngitili yetu?"

"Kabila gani huyo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mhaya, baba."

"Nshomile!" akapiga kelele, na uwanja mzima ukacheka, maana kila mtu Mwanza anajua Wahaya tunavyojisifia kusoma. "Tumeuzwa na wasomi!"

"Sijasoma, baba. Niliishia la tano."

"Eti nini? Mhaya mmoja tuliyeletewa, naye hajasoma!"

Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nawaambia ukweli, kicheko kile ndicho kilichonisaidia. Mtu akishakucheka anaweza kukusikiliza. Nikawaeleza kibanja ni nini na rweya ni nini. Nikawaambia niliona majani nikasema neno la kwetu, mpima akalitafsiri, karatasi ikameza, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe. Mzee mmoja akasimama, akasema polepole, "Kwenu majani ni uchafu wa shamba. Kwetu majani ni ghala. Sasa nimeelewa. Lakini ghala langu bado limeandikwa uchafu."

Yule dada afisa ardhi akaja kwangu baadaye. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akanikatalia. "Mama, nakuamini. Ila siwezi kufuta taarifa kwa sababu mtu amejuta. Nipe kitu nitakachokiona kwa macho. Ng'ombe wakiondoka, kinabaki nini cha kuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe?"

Hapo ndipo Mayu Holo alipofungua mdomo. Hakunitukana, ingawa alikuwa na haki. Alisema tu, "Mjinga, njoo."

Akatupeleka kwenye ukingo wa ngitili. Pale palikuwa na minyaa, ule mti usio na majani wenye utomvu mweupe. Mwingine umezeeka umeanguka, mwingine umebaki kisiki, mwingine umemezwa na vichaka. Ukiangalia haraka unaona vurugu. "Hii alipanda mama mkwe wangu," akasema, "akiwa na mume wangu tumboni. Huu ndio mpaka."

Dada akaangalia. "Minyaa inajiotea popote, mama."

Mimi nikaangalia tena. Maisha yangu yote nimetazama vitu vilivyopangwa mstari. Nikaenda mbio, kadiri magoti yalivyoruhusu, hadi kwa Bwana Mtaki, nikamwomba fimbo za kulengea. Alifungua nyuma ya gari, akaacha wazi, akaondoka kwenda kutafuta chai.

Tulifyeka vichaka mimi, Mayu Holo na wanawake wanne. Na hapa sikilizeni: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni kilio, kata ukiwa umesimama upande unakotoka upepo. Kwenye kila kisiki nikasimamisha fimbo, na fimbo zilipokwisha tukatumia mabua yaliyofungwa vitambaa. Kisha nikamwita yule dada. "Mwanangu, funga jicho moja. Tazama kutoka hii ya kwanza."

Akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

Fimbo zote zilikuwa zimejificha nyuma ya ile ya kwanza. Mti mmoja mmoja, mkono mmoja baada ya mwingine, mama mkwe wa Mayu Holo na wenzake walikuwa wamepanda mstari ulionyooka hadi kwenye jiwe kubwa, na kwenye jiwe ukakunja kona, ukateremka umenyooka tena hadi kwenye mafunjo. Hawakuwa na mnyororo, hawakuwa na timazi.

Bwana Mtaki alirudi na kikombe chake mkononi, naye akainama, akafunga jicho. "Mstari huu," akasema, "ni mzuri kuliko wangu."

Akamimina chai iliyobaki chini, akaenda kuchukua jipiesi yake.

Msidhani iliishia hapo kama hadithi. Ilichukua masika mbili na viangazi viwili. Kulikuwa na barua za kwenda na kurudi, mikutano iliyoahirishwa kwa sababu gari la wilaya halina mafuta, na mwenyekiti mmoja aliyebadilika moyo akabadilishwa kwenye uchaguzi. Mimi sikuitwa kazini masika yote iliyofuata. Nilikaa nyumbani Mabatini, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto kukosa pa kwenda asubuhi. Kemi akaleta unga na samaki. Nikaanza kukataa, akaniambia, "Dada, ulitulisha miaka yote bila kutuuliza. Sasa nyamaza ule." Nikala.

Kila nilipopata nauli nilivuka kwenda Mwalugoye. Tulitembea ngitili yote na wale wanawake, maana wao ndio wanaokwenda kuni na maji, wanaijua kila shimo. Walitaja majina ya sehemu, yule dada afisa ardhi akaandika. Mahali mnapoona nafasi nyeupe kwenye ramani, muulizeni mwanamke anayekata kuni, atawajazia.

Hatukupata yote. Pembe ya kusini, karibu na barabara mpya, ilikuwa imeshakatwa kwa shughuli za ujenzi, haikurudi. Kuna chemchemi ndogo ilikuwepo kule ambayo leo imefukiwa. Mayu Holo akipita pale hageuzi shingo. Lakini mkutano wa kijiji uliikataa hoteli, mwekezaji akaenda kwingine, na kijiji kikapitisha mpango wake wa matumizi ya ardhi wenye ngitili ndani yake, pamoja na hati ya kimila inayoifanya mali ya wote.

Ramani mpya ilipofika watu walijaa ofisi ya kijiji. Pale palipoandikwa pori, mchoraji alikuwa ameandika jina kwa herufi kubwa: NGITIRI.

"Hii r imetoka wapi?" mwenyekiti akafoka. "Sisi tunasema ngitili!"

"Hao watu wa ofisini wameshindwa l na r, halafu wanatucheka sisi!" mwingine akadakia.

Wengine wakataka ramani irudishwe wilayani ikasahihishwe. Mayu Holo akaipiga ile meza kwa kiganja. "Mkiirudisha, mwaka mwingine huo. Acheni hivyo hivyo. Bora r kuliko pori."

Mpaka leo ina r.

Ninyi mna droni. Nimeiona, ni kitu kizuri, inapanda juu ya Mwalugoye dakika chache inaona kila jani. Inachoshindwa kuona ni katazo. Ng'ombe aliyezuiwa asiingie haonekani kwenye picha, na ardhi nyingi za watu wetu zimetunzwa kwa katazo, si kwa jembe wala kwa ukuta. Kwa hiyo nendeni mara mbili, masika na kiangazi. Msimwache mwenyeji kwenye pikipiki. Fomu ikikosa kisanduku, andikeni pembeni kwa neno la wenyewe, hata kama bosi atanuna. Na ukiulizwa kitu usichokijua, sema sijui. Neno hilo lingeniokolea miaka.

Nimestaafu sasa, goti la kulia limegoma. Masika iliyopita nilipita juu ya daraja, dakika chache tu nikawa ng'ambo, nikaenda kumjulia hali Mayu Holo. Bodaboda iliniacha barabarani. Kwake ni kuzunguka ngitili yote, na goti lilikuwa linauma, kwa hiyo nikakatiza katikati ya majani. Yalikuwa yananifika kifuani. Nilikuwa nimefika kwenye migunga nikasikia sauti.

"Mayu! Simama hapo hapo!"

Alikuwa msichana mwenye buti za mvua na fimbo, sijawahi kumwona. Akaja mpaka mbele yangu, akakumbuka adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unafanya nini humu? Imefungwa."

"Naenda kwa Mayu Holo. Goti linaniuma, nikasema nipite kwa mkato."

"Hakuna mkato humu. Imefungwa tangu mvua ya kwanza."

Nikatabasamu, nikatoa kile nilichodhani ni karata yangu kubwa. "Mjukuu wangu, hapa nilipima mimi. Mimi ndiye niliyesimamisha fimbo kwenye ile minyaa."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye uliyepima?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi mpaka unaujua," akasema. "Toka. Na wazee watakutoza kuku."

Nilitoka, nikazunguka kwa nje, mti kwa mti, saa nzima na goti langu. Nilipofika kwa Mayu Holo nilimwomba aniuzie kuku wa kulipia, akacheka hadi akakohoa. Alinichagulia jogoo mkubwa kuliko wote, nikampeleka kwa wazee jioni ile ile, na sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile.